Nilicheka pasipochekwa, na mchumba wangu sasa ananiangalia kama mgeni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31. Kazi ninayo, mchumba ninaye, pombe sinywi. Ulevi wangu ni filamu, na si filamu zote. Zile za magari kukimbizana naziheshimu lakini hunilaza usingizi. Ninazozipenda ni zile ambazo zikiisha unabaki umekaa, hujui umeonyeshwa nini wala kwa nini mikono imekuwa baridi. Zile ambazo wengine huinuka dakika ya 20 wakiuliza nani aliruhusu kitu hiki kitengenezwe.

Nilianza nikiwa na miaka 18, na tangu hapo nina daftari. Kila filamu ina ukurasa wake. Hadithi siandiki, maana hadithi mtu ataipata popote. Naandika mwili wangu ulifanya nini. "Meno yamekazana." "Nimelia wakati majina yanapita." "Sikulala."

Nikupe mifano. Irréversible ya mwaka 2002 ilinitia kichefuchefu kabla hata sijajua nani ni nani. Un Chien Andalou, ile fupi ya mwaka 1929 ambamo jicho linapasuliwa kwa wembe, niliitazama mara moja tu miaka sita iliyopita, na hadi leo nikisimama kwenye kioo kunyoa ndevu huja yenyewe bila kuitwa. Halafu kuna Jeanne Dielman. Dakika 201, mama mmoja yuko nyumbani kwake, anatandika kitanda, anaosha vyombo, anamenya viazi. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, naye anatoka jikoni na sufuria, anaingia nayo bafuni, anarudi nayo, hajui aiweke wapi. Shangazi, mimi nimetazama watu wakichinjwa huku natafuna. Kwa ile sufuria niliinuka nikaenda kushika ukuta.

Sasa kilichonileta kwako. Wiki tatu zilizopita tulikaa watatu kutazama filamu: mimi, mchumba wangu na kaka yake. Nikachagua Funny Games, ile ya mwanzo ya mwaka 1997. Walipouliza ni ya nini nikasema ni ya familia iliyokwenda likizo, jambo ambalo ni kweli. Sikutaka kuwaharibia.

Kama hujaiona: vijana wawili wenye adabu na glavu nyeupe wanabisha hodi kuomba mayai, kisha wanaigeuza ile familia kuwa mchezo wao usiku kucha. Mbele huko, mama mwenye nyumba anafanikiwa kunyakua bunduki na kumlipua mmoja wao. Mchumba wangu alipiga makofi. Shemeji akasema, "Mmalize na huyo mwingine!" Ndipo yule aliyebaki akaanza kutafuta rimoti, akaipata, akairudisha filamu nyuma. Yaani filamu yenyewe tuliyokuwa tunaitazama. Mwenzake akafufuka, tukio likaanza upya, na safari hii bunduki akaiwahi yeye.

Nikacheka. Si kwa kejeli, kilinitoka tumboni tu. Sebule nzima ikanyamaza. Shemeji akasema, "Hiyo rimoti ningekuwa nayo mimi, ningeshazima zamani." Mchumba wangu hakusema kitu mpaka kesho yake, akaniambia kilichomtisha si filamu, ni kicheko changu. Akaniuliza, "Siku mimi nikiumia, utacheka hivyo hivyo?" Tangu hapo tunaongea vizuri tu, ila ananiangalia kama mtu anayesubiri nikosee.

Nimepitia daftari kutafuta lini nilianza kuharibika. Katika miaka 13 sijawahi kuzima filamu hata moja, zote nimezimaliza, hata zile ambazo marafiki zangu walikimbia chumba. Ukurasa mtupu uko mmoja tu, wa Amour, ile ya wazee wawili ambapo mke anapata kiharusi na mume anamuuguza nyumbani. Haikuwa hata ya kutisha, nilikosa tu cha kuandika. Ila hilo si swali langu.

Swali langu ni je, moyo wangu umekufa ganzi? Niziache filamu hizi, au niwe nazitazama kwa siri ili nisimpoteze huyu dada?

Mwenye Daftari

*

Marahaba, Mwenye Daftari.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilipofika kwenye rimoti nilicheka, kwa hiyo kama ni ugonjwa, tumeshakuwa wawili.

Turudi sebuleni kwenu. Mtu amelipuliwa kwa bunduki, damu imeruka ukutani, na mchumba wako anapiga makofi. Kaka yake anaomba afe na wa pili. Hakuna aliyemwona mwenzake katili, na ni sawa kabisa, maana mwongozaji Michael Haneke aliitengeneza ile saa nzima na zaidi iliyotangulia ili mfike hapo mkiwa na kiu ya damu. Akawapa. Mlipokwisha kushangilia akawapokonya, na kwa namna ya kijinga kuliko zote, kwa rimoti ya televisheni. Mlinaswa wote watatu. Mmoja akanyamaza, mmoja akataka kuzima, mmoja akacheka. Kicheko cha namna hiyo hutoka mwili unapokuwa umekazwa muda mrefu halafu kitu kikakatika ghafla. Hata msibani yupo anayebanwa nacho akaishia kujifunika uso kwa kitambaa. Ulicheka kwa sababu uliibiwa ukajiona unaibiwa. Aliyekufa hayumo kabisa kwenye hesabu hiyo, na kwa wakati ule hakuwepo hata wa kufa, ndiyo kwanza alikuwa anafufuliwa.

(Usithubutu kwenda kumwambia mchumba wako "mbona na wewe ulipiga makofi." Utashinda ubishi na kushindwa uchumba.)

Kuhusu ganzi, ushahidi umeniletea mwenyewe na hukuuona. Aliyekufa ganzi haendi kushika ukuta kwa ajili ya sufuria ya viazi. Fikiria Chantal Akerman, mwongozaji wa Jeanne Dielman, alivyokufanya, na alikuwa hajafika hata miaka 26. Siku nzima ya yule mama amekuonyesha mkono wake: taa anaizima akitoka chumbani, kifuniko anakirudisha kwenye bakuli anamoweka hela, kila kitu mahali pake. Hakukueleza chochote. Amekufundisha utaratibu wa nyumba ile mpaka ukawa wako. Kwa hiyo siku ya pili kifuniko kinapobaki wazi na viazi vinapoharibika, huhitaji muziki wa kukuambia kwamba kuna jambo. Unajua kama ambavyo ungejua kwenu. Watu waliochinjwa ulikuwa huwajui, huyu ulikuwa umeishi naye. Na ukisikia mtu anakucheka kwamba umekaa saa tatu kutazama viazi, mwambie kura ya wahakiki ambayo jarida la Sight and Sound huiitisha kila miaka 10 tangu 1952, mwaka 2022 iliiweka filamu hiyo namba moja. Mko wengi mlioshika ukuta.

Ile ya kichefuchefu ni nyepesi zaidi. Nusu saa ya kwanza ya Irréversible imewekewa sauti ya chini sana, isiyofika hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde. Sikio la binadamu huanzia kwenye hezi 20 hivi, kwa hiyo uko ukingoni kabisa mwa kusikia: huisikii kama sauti, unaisikia kifuani na tumboni. Iliwekwa makusudi. Juu ya hapo kamera inazunguka kama nzi ndani ya chupa. Hapo umetikiswa, tabia yako haijapimwa. Kwenye daftari lako ongeza mstari wa kuandika fundi wa sauti alifanya nini, utashangaa ni mara ngapi ndiye aliyeandika ukurasa wako.

Jicho sasa. Lilikuwa la ndama aliyekwisha kufa, na mkono wenye wembe mwanzoni mwa filamu ni wa Luis Buñuel mwenyewe, aliyeitengeneza na mchoraji Salvador Dalí. Buñuel alisimulia kwamba siku ya kuonyeshwa mara ya kwanza mjini Paris alisimama nyuma ya skrini na mawe mifukoni, awarushie watazamaji wakimvamia. Wakashangilia. Mtu ametengeneza kitu kwa mikono yake na bado hajui kitawafanya nini watu, halafu wewe unataka kujihukumu kwa jinsi ulivyokipokea.

Kujua ni ndama husaidia mchana, ila mbele ya kioo asubuhi najua hakutoshi. Kuna jaribio la wanasaikolojia wa Oxford lililochapishwa mwaka 2009. Waliwaonyesha watu mkanda wa matukio ya vifo na majeraha, wakasubiri nusu saa, kisha baadhi wakapewa mchezo wa Tetris kwa dakika 10. Wiki iliyofuata, waliocheza walijiwa na picha zile mara chache kuliko wasiocheza. Ninachokipenda ni kwamba filamu yenyewe hawakuisahau. Walipoulizwa yaliyomo walijibu sawa na wenzao. Maelezo ya watafiti ni kwamba picha mpya, kabla haijatulia kichwani, hugombea nafasi na kazi nyingine ya macho, na vile vitofali vinavyoshuka ni kazi ya macho hasa. Kwa jicho lako la miaka sita tumechelewa, ila kwa filamu ijayo cheza kidogo kabla ya kulala. Si dawa, ni mchezo. Na zikitokea wiki mbili tatu mfululizo hulali, au picha inakujia na jasho na moyo kwenda mbio, hapo achana na mchezo na ushauri wa Shangazi, nenda kwa mshauri nasaha aliyesomea.

Nimefika kwenye sentensi iliyonikera. "Sijawahi kuzima filamu hata moja." Umeiandika kama mwanajeshi anayeonyesha kovu. Nani alikuomba? Filamu hazina habari kama umevumilia. Mimi nilizima. Mwaka juzi nilikuwa natazama The Zone of Interest, ya Jonathan Glazer, inayohusu familia ya mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wana nyumba nzuri, bustani, watoto, bwawa dogo la kuogelea, na ukuta wa bustani ndio ukuta wa kambi. Ndani ya kambi kamera haiingii kuwaona wafungwa hata mara moja. Unaona mama akimwonyesha mama yake mzazi maua, na nyuma ya maua unasikia. Niliziba macho kwa mazoea kama mtoto, nikagundua nafanya upuuzi, kwa sababu hakuna cha kuziba machoni. Filamu yote iko masikioni. Ile tuzo ya Oscar ya sauti walistahili. Yule bibi mgeni naye, baada ya kusikia usiku hadi akashindwa, aliondoka kabla hakujapambazuka akaacha barua. Nilimwelewa. Nikazima, nikaenda kusimama nje kidogo, nikaimalizia kesho yake. Haikupungua chochote na mimi sikupungua.

Nakwambia haya kwa sababu mtu anayejisifu kwamba hajawahi kuzima, huwa hana pa kuandika siku ambayo filamu imemshinda. Akimaliza tu anahesabu kwamba ameshinda. Ndiyo maana una ukurasa mtupu.

"Ila hilo si swali langu," umesema. Mwanangu, umeniandikia kurasa kuhusu kicheko, na ukurasa ulionyamaza ukaupa mistari miwili kisha ukafunga mlango. Amour ya mwaka 2012 na Funny Games ni za mtu mmoja, huyo huyo Haneke. Sidhani hulijui hilo, mtu mwenye daftari la miaka 13. Unasema haikuwa ya kutisha. Mzee anamnywesha mkewe maji na mke anakaza mdomo hataki, mpaka mzee anaishiwa subira na kumpiga kofi. Umetazama wembe, umetazama bunduki, na mwili wako una maneno kwa vyote. Kwa maji yale hauna. Sikuulizi kwenu nani aliugua, wala nani alimnywesha. Labda hakuna, labda unamwogopea mtu ambaye bado mzima. Nakuambia tu kwamba ukurasa huo nimeuona.

Na humo humo kwenye Amour kuna kipande kifupi ambacho huenda kilikupita. Mzee anamsimulia mkewe kwamba alipokuwa mvulana alikwenda sinema, akatoka ameguswa sana. Alipofika nyumbani kijana mmoja mkubwa kuliko yeye akamuuliza ametoka wapi. Akaanza kumsimulia, na katika kusimulia hisia zote zikarudi, akalia hadharani mbele ya kijana ambaye hakutaka kabisa kulia mbele yake. Sasa amezeeka, filamu yenyewe ameisahau. Hisia bado anaikumbuka.

Wewe miaka 13 umeandika daftari. Umewahi kumsimulia mtu?

Hapo ndipo penye kosa lako kwa mchumba wako, na ni kosa kweli, sikubembelezi. "Ni ya familia iliyokwenda likizo." Ulijua vizuri ulichomfichia. Wewe hupenda kuingia gizani bila taa, lakini wewe huchagua giza lako mwenyewe, na yeye ulimsukuma. Unaita kutomharibia, mimi naita kumtega, na nadhani hata wewe ulikuwa unamtazama yeye kwa pembe ya jicho kuliko ulivyotazama filamu, kuona ataanguka lini. Halafu alipokuwa ameshaanguka, ukacheka. Mwangalie kutoka upande wake: hakuwa na njia ya kujua kicheko kile ni cha rimoti. Angeweza kudhani kabisa unamcheka yeye na makofi yake.

Kwa hiyo kamwombe radhi kwa kumdanganya. Kicheko usikiombee radhi, kielezee, kwa maneno machache, na ukimaliza nyamaza umsikilize. Alikuuliza akiumia utacheka? Hilo ni swali zuri na halijibiwi kwa "hapana, mpenzi." Mjibu kwa kumwambia mara ambayo uliogopa. Ikiwezekana msimulie ile ya sufuria ya viazi, mikono yako kwenye ukuta. Msimulie bila kumwonyesha. Kisha, siku ukiweza, na si lazima iwe wiki hii, ule ukurasa mtupu.

Kuacha filamu sioni sababu. Kuzitazama kwa siri ndiyo sitaki kusikia. Mume mwenye kabati lililofungwa hutisha kuliko filamu yoyote uliyoitaja. Zitazame peke yako mlango ukiwa wazi, yeye akipita akauliza "huyo anafanya nini?" mwambie. Wapo wenza wengi wanaoishi hivyo, mmoja anatazama na mwingine anasimuliwa, na anayesimuliwa huwa ana maswali mazuri kuliko wahakiki.

Akitaka mwenyewe kukaa tena na wewe, mpe kwanza habari kamili: nini kinatokea, kwa nani, kinaonekana au kinasikika tu. Ukiona utamu umepungua, vumilia, wewe si ndiye bingwa wa kuvumilia? Mchague pamoja. Na kabla haijaanza, rimoti mwekee yeye mkononi.

Shangazi